Sekunde 30 Tu, Jamani

Aisee, karibu, kaa hapo kwenye kreti. Siyo hilo, hilo lina msumari. Kaa la soda. Nikusimulie nilivyodhalilika.

Unajua mimi na madeni hatujawahi kuelewana. Nikidaiwa, anayenidai ananikuta nimekaa mlangoni kwangu. Nikidai mimi, mtu kahamia Kiteto. Sasa kuna jamaa mmoja mpiga picha za harusi alichukua kwangu mbaazi gunia mbili kwa mkopo. Usinicheke. Tangu India walipotubania soko mwaka 2017, mimi nikiona mbaazi zimejaa stoo moyo unaenda mbio. Mtu akija kuzitaka, hata kwa maneno matupu, namsaidia kubeba. Akabeba. Akapotea. Alipoibuka, hela hana, ana kamera. Eti mzee, shika hii, ni kitu cha maana. Mtumba. Lenzi kubwa kama kikombe cha uji, ukanda ulikatika ukafungwa kwa kamba ya kiatu. Nikaona nimepata. Kumbe nimepatikana.

Ikakaa juu ya kabati miezi minane. Mama watoto akaifunika kitambaa cha kufuma, kama redio ya marehemu babu. Wageni wanauliza, ile ni nini? Kamera. Tupige basi. Betri. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, betri, kila siku betri, mpaka mtoto wa mwisho akajua kile kitu kinaitwa betri.

Mwezi wa saba mpwa wangu akaja likizo kutoka chuo, Dodoma. Chalii ana simu nzuri kuliko nyumba yangu. Akanionyesha picha. Barabara usiku. Barabara tupu kabisa, halafu juu yake mistari, myekundu huku, myeupe kule, inatiririka kama mito miwili. Nikamwuliza nani kaichora. Akasema haijachorwa mjomba, ni taa za magari. Magari yenyewe yako wapi? Yamepita. Sasa kama yamepita, mbona taa zimebaki? Waliziacha? Akanitazama vile kijana wa chuo anavyomtazama mjomba ambaye bado anamtegemea kwa nauli ya kurudi.

Akanieleza. Ndani ya kamera kuna mlango, unaitwa shata. Picha ya kawaida mlango unafunguka na kufunga kabla hujapepesa jicho. Hii nyingine unauacha wazi sekunde 10, 20, mpaka 30. Kamera inakinga mwanga kama debe linavyokinga maji ya mvua. Gari lenyewe ni jeusi gizani, linapita halijamwaga kitu. Lakini taa yake, kila inapogusa inaacha tone, tone juu ya tone, mwisho ni mstari. Basi likitembea kilomita 50 kwa saa, kama sheria inavyotaka mjini, kwa sekunde 30 limekwenda mita 400 na zaidi. Limeingia kwenye picha upande huu, limetoka upande ule, shata bado iko wazi inashangaa.

Hapo nilielewa. Nikaharibu kwa kuuliza la pili. Hizi namba za lenzi je? Akasema tundu la lenzi, namba ndogo tundu kubwa, namba kubwa tundu dogo. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwambia nimeelewa. Sikuelewa. Mpaka leo naweka 11 kwa sababu aliniambia weka 11, na ISO naiweka 100 kwa sababu hiyohiyo. Ukiniuliza ISO ni nini nitakwambia betri.

Sasa mimi mtu wa papara. Sikungoja usiku. Saa kumi jioni, jua linawaka juu ya Mlima Kwaraa, mimi huyo barabarani, sekunde 30, kacha. Picha ikatoka nyeupe pee. Hakuna barabara, hakuna mlima, hakuna Babati. Nikaenda kumwonyesha mpwa, nikamwambia kamera imekufa. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe debe lilijaa likamwagika. Nimeacha mlango wazi mchana wa jua nusu dakika, nilitegemea nini? Na alipomaliza kucheka akaenda kumsimulia mama watoto jikoni, nikasikia na huko wanacheka.

Nimwambie mtu ukweli, hapa mjini picha hii zamani ungeipiga ya nini? Babati tuko kwenye ile barabara ya kutoka Cairo kwenda Cape Town, wakubwa wanaisifia. Lakini ya kwenda Dodoma ilikuwa vumbi, ukishuka kwenye gari unafanana na gunia la unga wa muhogo. Lami mpaka Dodoma, kilomita 251, Rais Magufuli aliizindua 2018. Na hata hiyo lami ilipokuja, mabasi ya usiku hayakuwepo, yalipigwa marufuku tangu miaka ya 1990. Usiku mkubwa barabara ni ya malori na mbwa. Ilipofika Oktoba 2023 ndio LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, wakaruhusu mabasi kutembea saa 24. Sasa hivi saa sita usiku unasikia honi, dirisha linatetemeka, mtoto anaamka, wewe unaamka, basi linaelekea kwao. Watu wengine wamepata usafiri. Mimi nimepata macho mekundu. Nikasema angalau na mimi nile kwenye hizi taa.

Tatizo likawa stendi ya kuwekea kamera. Mpwa anasema bila stendi usijaribu, mkono wa binadamu unatetemeka hata ukiwa maiti. Nikambishia. Usiku wa kwanza nikashika kwa mikono, nikabana pumzi, nikaegemea ukuta. Lori likapita. Picha ikatoka tambi. Tambi za sahani ya msibani, zimemwagika. Nikapiga nyingine, tambi. Ya tatu nikakohoa.

Stendi dukani bei yake sitaitaja, mama watoto anaweza kukusikia. Mpwa akasema wapiga picha wasio na hela wanatumia kifuko cha nafaka. Unaweka kamera juu yake, inajikalia, haichezi. Nafaka? Mimi si mkulima? Basi nikaingia stoo na kutoka na mfuko wa mbaazi? Wapi. Mbaazi zote ziliondoka na yule mpiga picha wa harusi. Kilichokuwepo ni maharage ya mama watoto, kilo mbili, kayachambua mwenyewe mchana kutwa, ya Jumapili. Nikayatia kwenye soksi ya mpira wa miguu. Nikafunga fundo. Nikasema nitayarudisha kabla ya Jumapili.

Usiku wa pili, pipa tupu pembeni ya barabara, soksi ya maharage juu yake, kamera juu ya soksi, mimi nyuma yake nimeinama na koti la mvua, kofia ya sufu, maana baridi ya Babati mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye jina. Taima nimeiweka sekunde mbili, ili kidole kisitikise. Kila kitu tayari. Nasikia basi linakuja kutoka upande wa Arusha. Nabonyeza. Moja, mbili, tatu…

"Mwanangu, hujambo?"

Mzee wa mtaa wa pili. Anatembea na fimbo. Sasa mzee kakusalimu, utamwambia ngoja sekunde 30? Nikainuka. Shikamoo mzee. Marahaba. Watoto? Hawajambo. Mama watoto? Hajambo. Mvua ya mwaka huu? Tunamshukuru Mungu. Ng'ombe? Mimi ng'ombe sina, lakini nikasema hawajambo ili tumalize. Akauliza na wewe unafanya nini hapa gizani, baba? Huku anauliza anajiegemeza kwenye pipa. Pipa lote. Na uzito wake wote. Picha ile ninayo. Basi limepanda angani, limezunguka, limerudi.

Hapo ndipo nilipogundua kitu kimoja kuhusu mji huu. Hakuna mahali Babati utaachwa sekunde 30. Hakuna. Saa nzima utaachwa, siku nzima hakuna atakayekuuliza umekula nini. Lakini sekunde 30 zile unazozihitaji, mji mzima unapita hapo. Mtoto anatumwa mafuta ya taa, anasimama mbele ya lenzi anasema nipige. Mlevi anakuja kuomba moto wa sigara. Mbuzi. Mbuzi saa tatu usiku, wa nani? Akaja akanusa soksi, akaipenda. Tukavutana. Mbuzi ana nguvu, aisee. Soksi ikatoka na tundu. Nikaliziba kwa kidole, usiku wote kidole kiko kwenye soksi, maharage yananichungulia.

Mpwa akashauri twende ziwani, taa za magari kwenye maji zinapendeza. Nikamwambia kijana, wewe umesoma, lakini hukuzaliwa hapa. Viboko wa Ziwa Babati usiku wanatoka majini kuja kula majani. Mlevi unaweza kumwambia subiri. Kiboko utamwambiaje?

Sasa usiku wa tatu. Huo ndio ulionimaliza. Mpwa kanipangia kila kitu vizuri, mbele kidogo ya kona, naitazama barabara kwa urefu. Pipa, soksi, kamera, mimi nimeinama. Nabonyeza. Gari la kwanza linakuja, linaniona, linapunguza mwendo mpaka linatembea kama liko kwenye msafara wa maiti. La pili hivyohivyo. Yale yanayotoka mjini yanawapigia wenzao taa, fulu, pa, pa, pa! Picha zinatoka nyeupe kama ile ya saa kumi. Sielewi. Bodaboda anakuja, abiria watatu, helmeti hata moja hakuna, ananiona, anageuza palepale katikati ya barabara na kurudi alikotoka. Mwingine anazima injini anaanza kuisukuma, eti ni baiskeli.

Ndio mpwa ananinong'oneza. "Mjomba, wanadhani una tochi."

Jamani! Wamenidhania trafiki. Mtu kainama gizani na mashine pembeni ya barabara, koti refu, dereva wa Tanzania ataona nini? Ataona tochi ya kupima mwendo. Kutoka hapo mpaka Bonga, njia ya Dodoma, nasikia walikuwa wanapeana habari. Basi moja likasimama kabisa. Konda akashuka mbio na makaratasi yote mkononi, leseni, bima, sijui na cheti cha ubatizo. "Shikamoo mkuu. Tulikuwa 48 tu, mkuu, mteremko ndio ulitusukuma."

Sasa nikwambie aibu yangu. Mtu wa kweli angesema ndugu, mimi mkulima wa mbaazi. Mimi je? Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita mkuu. Nikapokea makaratasi. Nikayasoma. Yalikuwa yameshikwa juu chini, sikugeuza. Nikasema, "Mwe mnaangalia." Konda akasema asante mkuu. Akanirudishia shikamoo ya pili. Basi likaondoka taratibu kama bibi harusi.

Dakika kumi baadaye wakaja wenyewe. Askari wawili wa doria, kwa miguu. Mimi hapo koo limekauka. Unafanya nini? Napiga picha, afande. Za nani? Za magari, afande. Tuone. Nikawaonyesha. Wakatazama. Wakainua kamera, wakaigeuza, wakatazama tena. Mmoja akauliza, "Magari yako wapi?" Nikasema yamepita, afande. Akamwangalia mwenzake. Nikaanza kueleza habari za debe na mvua. Nikaona wananionea huruma. Huruma ya kweli kabisa, ile ya kumwuliza mtu kama ana ndugu karibu. Mkubwa wao akamwambia mpwa wangu kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: "Kijana, usimwache peke yake usiku." Wakaondoka.

Nikavua koti. Mpwa akaniambia avae yeye, mimi nibaki na sweta la pinki la mama watoto ambalo trafiki hawezi kulivaa. Ikasaidia. Madereva wakarudi kukimbia kama kawaida.

Na ndipo umeme ukakatika. Mtaa mzima ukapiga kelele, uuuuh, saluni, kinyozi, mwenye kuangalia mpira, wote wanalalamika. Mimi, ambaye kulalamika ndiyo kazi yangu ya pili baada ya kilimo, nikajikuta nafurahi peke yangu. Maana taa za maduka ndizo zilikuwa zinaniharibia, zinajaza debe kabla magari hayajafika. Giza likatanda safi. Magari mfululizo. Mpwa anahesabu, mimi kidole kwenye soksi. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Kacha.

Hakuna aliyetusalimia. Sekunde 30 kamili. Nilitaka kulia.

Tukaifungua picha pale pale. Aisee, uzuri! Mistari myekundu kushoto, myeupe kulia. Mwanzoni nikasema kamera ya deni imepinda, maana kwenye video za Marekani nyekundu ziko kulia. Mpwa akasema wale wanaendesha kulia mjomba, sisi tunaendesha kushoto, anayekwenda anakupa mgongo upande wa kushoto. Hata hilo sikulijua, na nimevuka barabara hii miaka 40. Lori lilipita na vitaa vyake vya ubavuni, limeacha mistari kama daftari la mwandiko wa darasa la kwanza. Pale kwenye tuta mistari yote imeruka juu kidogo na kushuka. Kuna mmoja aliacha indiketa inawaka sijui tangu Magugu, imetoka nukta nukta za njano kama mshono wa cherehani. Bajaji mstari mmoja. Bodaboda walipita kama kumi na sita, wengi taa ya nyuma hawana, hawamo kabisa. Kwa ushahidi wa kamera yangu, kundi zima lile ni bodaboda watatu tu.

Na upande wa kulia, juu ya mistari myeupe, kuna mtu.

Amesimama kibarazani. Mikono kiunoni. Daftari kwapani. Anaonekana vizuri kuliko lami, vizuri kuliko Mlima Kwaraa, mpaka kalamu sikioni unaiona.

Mangi.

Umeme ulipokatika, duka lake peke yake lilikuwa na taa ya sola. Akatoka nje, akaniona ng'ambo ya barabara, mtu wake aliyemtafuta tangu mwisho wa mwezi wa tano, nimeinama na sweta la pinki. Akasimama. Akanitazama. Hakutikisika sekunde zote 30, kwa sababu mtu anayekudai huwa hatikisiki.

Mpwa akasisimka kuliko mimi. Akanisimulia kuna Mfaransa, Louis Daguerre, mwaka 1838 alipiga picha ya mtaa mkubwa wa Paris kutoka dirishani. Kamera za enzi zile mlango ulikaa wazi dakika kadhaa. Mtaa ulijaa watu na farasi, lakini wote walikuwa wanatembea, kwa hiyo hakuna aliyebaki. Mtaa ukatoka mtupu. Aliyeonekana vizuri ni mtu mmoja tu, alikuwa amesimama kusafishiwa viatu, mguu juu. Wanasema ndiye binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Mimi nikasema yule Mfaransa alikuwa na bahati, wake alikuwa anang'arishwa viatu. Wangu alikuwa anapiga hesabu.

Nilipoinua kichwa Mangi alikuwa ameshavuka. Sitakusimulia yaliyosemwa. Mpwa alijifanya anafuta lenzi.

Nyumbani nikadhani nitapokewa. Nikampa mama watoto kamera, tazama kazi ya mumeo. Akatazama muda mrefu. Akauliza, huyu si Mangi? Ndiye. Akauliza, hii umeipiga umeme ulipokatika? Ndiyo. Akasema, "Baba, mimi nilipita hapo hapo barabarani muda huo nakutafuta na tochi ya simu imeisha chaji. Nimepita mbele yako, nimeita mara mbili. Mimi niko wapi?"

Nikamweleza. Anayetembea haonekani. Mwanga wake hautoshi kuacha alama. Niliposema tu hivyo nikajua nimekwisha.

"Kwa hiyo Mangi anaonekana, mimi sionekani."

Siyo hivyo mama.

"Miaka 19 natembea kwenye nyumba hii. Kumbe ndiyo maana."

Halafu akauliza maharage yake yako wapi. Nikamwonyesha soksi. Ilikuwa imebaki nusu, kumbe kidole changu kilikuwa kinaziba tundu moja, na mbuzi aliacha mawili.

Basi ndugu yangu, ndiyo hali. Mpwa amesharudi chuo, nauli nimemkopea. Picha imesafishwa, kubwa, iko kwenye fremu, nyumbani imekataliwa kutundikwa. Mangi nimempelekea akasema picha nzuri, lakini yeye hauziwi sura yake mwenyewe. Wewe nakuuzia 25,000. Mangi anadai 18,500, mpelekee mwenyewe mkononi, mimi nisipite pale. Kilo mbili za maharage ni 6,000, mpe mama watoto. Inabaki jero. Hiyo niachie mimi, nataka kununua betri.